Azimio Lililomfikia Chemtai

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua kule Kitale, siku niliyotoka ukumbini kutafuta maji ya kunywa nikakuta watu wanaikimbia serikali ambayo haikuwepo. Tulia, mwanangu, nitakueleza. Lakini uniache niende polepole, maana hata leo nikiisimulia viganja vinanitoka jasho.

Jana ulinipigia simu kutoka chuoni Bungoma, unapiga kelele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. "Senge, nimekubaliwa kwenye klabu ya mabalozi! Nimepewa nchi! Nina kura, Senge!" Nikakupongeza, nikakuuliza kama unakula vizuri, kisha nikakata. Ukadhani chaji imeniishia. Chaji ilikuwepo, Nafula. Ni moyo uliokuwa umeanza kunienda mbio.

Mimi ni dada ya baba yako, na kwetu senge ndiye mwenye ruhusa ya kusema yale ambayo mama mzazi anayameza. Kwa hiyo nisikilize. Na wewe mwingine unayesoma haya, hata kama hatujuani, wewe pia ni mwanangu. Vuta kiti.

Nami nilikuwa kwenye klabu kama hiyo. Usishangae, hizi mvi sikuzaliwa nazo. Mambo yenyewe yalikuwa kama yenu ya leo: kila mwanafunzi anapewa nchi moja ya dunia, anawekewa mezani kibao chenye jina la nchi hiyo, na kazi yake ni kuisemea kama balozi, aipende asiipende. Mnajadiliana, mnapingana, mnapatana, mnapiga kura, mnapitisha azimio. Jioni mnarudi bwenini kula maharagwe.

Nilijiunga kwa sababu ya kijana mmoja aliyeitwa Simiyu. Cheka tu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Mabanga, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Akisimama kusema, hata waliokuwa wanasinzia walikaa sawa. Mimi nilikuwa mwoga, na uoga wangu haukuwa wa kuficha. Siku ya kwanza nilipoambiwa nisalimu baraza kwa niaba ya nchi yangu, nilisimama, nikafungua mdomo, nikaketi. Wakaninyang'anya nchi kwa upole, wakanipa kengele. Ndiyo, kengele. Msemaji akipitisha muda wake, naigonga. Nilifurahi sana, maana kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Ndivyo nilivyojiambia.

Basi mwalimu aliyekuwa mlezi wa klabu akasema tumechoka kujifungia chuoni. Twende Kitale, tufanye mjadala mbele ya watu, tena kwa Kiswahili, wazazi na wafanyabiashara wasikie watoto wao wanajifunza nini. Tukapata ukumbi wa kanisa moja. Mzee mmoja mwenye duka karibu na msikiti akatupa viti vyake vya kukodisha, akakataa hata asante. Mada tuliyoichagua ilikuwa hii: watu waliokimbia makwao kwa sababu ya maafa, je, nchi iliyowapokea iendelee kukaa nao, au iwarudishe? Simiyu akapewa nchi inayotaka kambi ifungwe.

Sasa sikia jambo ambalo mpaka leo sijui tulikuwa tumelaaniwa na nani. Nyuma ya ukumbi ule kulikuwa na madarasa ya chekechea, na ndani ya madarasa hayo walilala watu kutoka milimani, juu ya Kapsokwony. Mvua ilikuwa imenyesha mpaka ardhi ya huko ikaanza kupasuka. Chifu akawatoa wote kwenye ule mteremko, akasema mtu asirudi mpaka udongo ukauke. Pasta Wanyonyi, mwenye kanisa hilo la Kitale, aliwahi kuhudumu kwao miaka mingi, kwa hiyo wengine walimfuata huko huko. Tuliwakuta asubuhi wakipika uji. Tukawapita na tai zetu shingoni, tukawaambia hamjambo, tukaingia ndani kuwajadili wakimbizi wa dunia.

Mimi nilichelewa kidogo nyuma, maana zipu ya sketi yangu ilikuwa imekatika. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akaona ninavyohangaika, akachomoa pini kwenye leso yake akanipa. Jina lake Chemtai. Tukaongea mambo mawili matatu. Akaniambia ufa wa kwao umeingia mpaka ndani ya nyumba, chini ya kitanda. "Unaweza tia mkono yote," akasema, akanionyesha hadi kiwiko. Alikuwa anacheka, lakini macho hayakucheka. Nikamwambia pole, nikaenda kwenye kengele yangu.

Ukumbi ulijaa. Fundi wa vyombo vya kanisa alikuwa amewasha kila kitu kama anavyofanya Jumapili, pamoja na kile kipaza sauti kikubwa cha ukutani, kinachoelekea nje kwa ajili ya waumini wanaokosa nafasi. Sisi tuliokuwa ndani hatukukifikiria. Simiyu akasimama. Lo! Ungemwona! Akashika meza kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa mwenyekiti, serikali yangu imevumilia vya kutosha. Kambi hii inafungwa leo, kabla ya jua kutua. Kila mtu arudi alikotoka. Atakayebaki ataondolewa kwa nguvu, na serikali yangu haitajibu kwa yatakayompata."

Makofi yakapasua bati. Hata mimi nilipiga, kengele ikiwa mapajani. Wakafuata wajumbe wengine, wakapinga kwa maneno laini ambayo hakuna aliyeyakumbuka. Kaa na hilo, mwanangu, kwamba neno kali ndilo lililotoka nje likasikika, na majibu yake yakabaki kuwa kelele tu.

Wasemaji walipoomba maji, nikatumwa mimi. Nikazunguka nyuma ya ukumbi na jagi mkononi. Kitu cha kwanza nilichokiona ni sufuria ya uji inafurika na kuzima moto, na hakuna mtu wa kuipua. Mlango wa darasa wazi. Mikeka hakuna. Ndoo hakuna. Mtu wa mwisho alikuwa anatokomea langoni na godoro kichwani. Amebaki bibi mmoja tu ukutani, miguu ameinyoosha, blanketi begani. Watu wote walimwita Kogo, yaani nyanya. Alikuwa mama mkwe wa Chemtai.

"Kogo, watu wameenda wapi?"

"Si serikali imesema?" akanijibu, ananishangaa mimi. "Mbele ya jua kulala. Mimi miguu imekataa. Hao askari wakuje wanitoe na hiyo nguvu yao."

"Serikali gani, Kogo?"

Akanyoosha kidole juu, kwenye kipaza sauti cha ukutani. Wakati huo huo kikakohoa, na sauti ya mwenyekiti ikatoka inasema tunasonga kwenye hatua ya kupiga kura.

Jagi lilianguka. "Na Chemtai?"

"Chemtai amepata lori ya mahindi, inapitia Kimilili. Ameenda nyumbani na mtoto. Mimi nimemwambia angojee, akasema hawezi kungojea mtoto apigwe rungu."

Nyumbani, mwanangu. Nyumbani ni pale kwenye ufa wa kuingiza mkono mpaka kiwiko.

Nikakimbia ndani. Sikupita pembeni kwa adabu, nilipita katikati. Nikapaza sauti, mimi ambaye sauti yangu haikuwahi kuvuka meza: "Simamisheni! Watu wanaondoka! Wamesikia, wanarudi mlimani!"

Mwenyekiti, mwanafunzi mwenzetu aliyependa cheo kile kuliko chakula, akanitazama juu ya miwani. "Mjumbe ni wa nchi gani?"

"Mimi sina nchi! Nasema watu wanaondoka kweli!"

"Asiye na nchi hana nafasi ya kusema," akajibu, na watu wakaangua kicheko, wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, ati tumeupanga. Mama mmoja wa sokoni akasema kwa nguvu, "Huyu msichana anaigiza vizuri bana!" Mwanangu, nimeogopa mambo mengi, nyoka, radi, hospitali, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kicheko kile. Nje walikuwa wameamini uongo, na ndani ukweli umekosa mtu wa kuuamini. Nikamwona Simiyu peke yake hacheki. Uso wake ulikuwa umeanza kubadilika.

Sikumngoja. Nilimkuta Pasta Wanyonyi jikoni kwake, nikamweleza kwa maneno yaliyochanganyikana. Hakuniuliza mara mbili. Akamtuma mkewe na wamama wa kanisa wakawazuie waliokuwa wangali stendi, na kweli wengi walipatikana hapo wakitafuta gari. Yeye akatoa pikipiki yake. "Panda," akasema. "Mimi njia naijua, lakini maneno unayo wewe."

Sikuwa nimewahi kupanda pikipiki kabla ya siku ile. Nilimshika pasta kiunoni kwa namna ambayo ningeaibika siku nyingine. Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, na kila lori la mahindi tuliloliona nikapiga kelele, na kila mara hakuwa yeye. Kule mbele mlima ulikuwa umevaa wingu jeusi mpaka kiunoni. Nilikuwa naomba, lakini maombi yangu hayakuwa na kichwa wala miguu: Mungu, lori liharibike. Mungu, gurudumu. Mungu, tafadhali. Kimilili, watu wa sokoni wakatuambia lori limemshusha mama mwenye godoro na mtoto mgongoni, naye amepanda na barabara ya juu kwa miguu. Matone makubwa ya kwanza yakaanza.

Tulimkuta mahali barabara inapoanza kusimama kama ukuta. Pikipiki ilikuwa inateleza, nikashuka, nikamaliza kwa mbio, viatu mkononi. Yeye alikuwa na godoro kichwani, mtoto mgongoni, leso imelowa.

"Chemtai! Rudi! Hakuna serikali!"

Akageuka. Alipomwona pasta nyuma yangu, uso ukafungika kabisa. "Pasta, wewe tena? Si ukumbi ni yako? Si hao watu wa serikali ni wewe umeita?"

Pasta akaanza kueleza, akakatwa. Maneno yake yalikuwa yameharibika. Yametokea kwenye ukuta wake mwenyewe, angeyafutaje? Akanitazama mimi, na nikajua kwamba nimebaki peke yangu.

"Haikuwa serikali," nikasema. "Ni mwanafunzi. Anaitwa Simiyu. Tulikuwa... ni mchezo, dada. Tunajifunza. Kila mtu anajifanya nchi fulani."

"Mchezo."

"Ndiyo."

"Mimi nimeacha uji kwa moto. Nimeacha mama ya bwana yangu kwa ukuta. Ati mchezo?" Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Unanidanganya ndio nirudi, halafu askari wanipige mimi na mtoto. Ile haikuwa sauti ya mwanafunzi."

"Haki ya Mungu ilikuwa ya mwanafunzi. Mtu yeyote anaweza kusema vile."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Akatua godoro kwenye matope. Akafungua leso, akamvuta mtoto kutoka mgongoni, akaniwekea mikononi. Alikuwa na joto, mwanangu. Alikuwa amelala, akaamka akanitazama, akashika kidevu changu kwa vidole vilivyolowa.

"Basi sema," Chemtai akaniambia. "Kama ni mchezo, sema tena hapa. Umeshika yeye. Sema arudi kwa ufa."

Nilisimama pale kama nilivyosimama siku ile ya kwanza mbele ya baraza, mdomo wazi, pumzi hakuna. Sasa elewa mtego wenyewe. Nisiposema, haamini, anapanda mlima na mvua hii. Nikisema, nayatamka maneno yale usoni pa mtoto. Maneno niliyoyapigia makofi! Mvua ilikuwa inaongezeka, na kule juu nikasikia mlima unaguna, au labda ilikuwa ngurumo, sijui, lakini pasta naye aligeuka kutazama.

Nikasema. "Mheshimiwa... mheshimiwa mwenyekiti. Serikali yangu imevumilia..." Sauti ikakatika. Nikaanza upya. "Kambi hii inafungwa leo. Kila mtu arudi alikotoka." Nilikuwa nalia, makamasi yananitoka, na mtoto akadhani nacheza naye, akacheka. Nikamaliza yote, mpaka lile la serikali yangu haitajibu. Sijui nililimalizaje.

Chemtai alinitazama kuanzia miguu pekupeku hadi nywele zilizolowa, na ile sketi iliyoshikwa na pini yake.

"Kumbe serikali ni wewe," akasema. Kisha akaketi juu ya godoro lake, hapo barabarani, akaweka mikono kichwani, akalia kama mtu aliyefiwa. Na mimi nikaketi karibu naye na mtoto.

Tulimrudisha Kimilili, wakalala kwa mwenyeji wa pasta, na kesho yake tukampeleka Kitale kwa mama mkwe wake. Wiki hiyo hiyo ule mteremko ulishuka. Nilipelekwa kuuona baadaye. Mahali palipokuwa na nyumba ya Chemtai palikuwa pamelainika, udongo mwekundu tu, hata bati moja halikuonekana. Hakuna aliyekufa, maana hakukuwa na mtu ndani.

Klabu ilikwenda kuomba msamaha, sote, bila tai. Simiyu ndiye aliyetangulia, akapiga magoti mbele ya Kogo. Yule bibi akamwuliza jambo moja tu: "Hiyo nchi ulikuwa unasemea, watu wake wanajua?" Simiyu hakuacha klabu, na mimi sikutaka aache. Aliacha tu kusema haraka. Na mimi nikaomba nipewe nchi, nikairudisha kengele.

Ndiyo, Nafula. Sikukatazi. Aliyekukatia simu jana hakuwa senge anayetaka kukurudisha jikoni. Ingia kwenye hiyo klabu. Ivae nchi yako, hata kama ni nchi unayoichukia, maana ni vizuri mtu ajue adui yake anafikiri nini. Simama, upaze sauti, uwashinde. Lakini wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha, na heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole kinamuuma mwenye kidole. Ulimi ukijikwaa, anayeumia yuko nyuma ya ukumbi, anapika uji, na wala humjui jina.

Mtakuja kuitwa wasomi. Wengine wenu mtatoka kwenye hizo meza za kuigiza mkakae kwenye meza za kweli, na hakuna mtu atakayegonga kengele kuwaambia kwamba mchezo umekwisha. Nalala nikiogopa hilo. Naogopa kwa ajili ya wale walio nje zaidi kuliko kwa ajili yenu, nisamehe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na ukiyasahau yote usiisahau. Kabla hujainua kibao chako uombe kusema, chukua mtoto wa mtu ambaye neno lako litamfikia, umpakate. Mpakate moyoni kama huna wa kumpakata mikononi. Mtazame usoni, kisha uyaseme yale maneno kwanza kwake. Yakitoka, nenda kayaseme mbele ya dunia nzima, usimwogope mtu. Yakikukwama kooni, keti chini, mwanangu. Hujashindwa. Umeokoa nyumba.

Mungu wa baba zetu akufungue kinywa, na akishakifungua asikuondolee hofu. Akupe sauti ya kufika mbali na masikio ya kusikia karibu. Utakapowasemea watu, wasilie kwa sababu yako, na utakaposimama, wanyonge wasikimbie. Nenda, mwanangu. Nakuombea.